Tangi Tupu Ndilo la Kuogopwa: Jinsi ya Kusafisha Tangi la Plastiki la Gari la Zamani

Katika barabara itokayo Magadi kupanda Oltepesi na Kiserian hata Ngong, si ajabu kuona gari la zamani limesimama kando, boneti imefunguliwa, na abiria wamekaa majanini wakingoja. Dereva wake hueleza kwamba gari lilianza safari vizuri, kisha katika mlima likakohoa, likapungukiwa nguvu, likazimika. Alipongoja kidogo aliliwasha tena, nalo likawaka kana kwamba halikuwa na ugonjwa wo wote. Lakini kabla ya kufika mbali likazimika tena.

Mafundi wengi huanza kwa kubadilisha plagi. Kisha hubadilisha koili, na baadaye pampu. Mwenye gari hutoa fedha kila mara, na gari huendelea kuzimika katika mlima ule ule. Mara nyingi ugonjwa hauko katika injini hata kidogo, bali uko ndani ya tangi la mafuta. Takataka zilizolala chini ya tangi huvutwa pamoja na mafuta, zikaganda juu ya kichungi kidogo kilicho mdomoni mwa pampu. Mafuta hayapiti, na injini huzimika kwa njaa. Pampu ikisimama, takataka hulegea na kuanguka chini, na njia hufunguka. Ndiyo sababu gari huwaka tena baada ya kungoja. Dalili hii ikionekana, ni afadhali kulitazama tangi kabla ya kununua kitu kingine.

PLASTIKI HAINA KUTU

Wenye magari hushangaa wakiambiwa habari hii, maana matangi ya magari mengi siku hizi yametengenezwa kwa plastiki, na plastiki haishiki kutu. Wazee wanakumbuka jinsi mafuta ya taa na petroli yalivyouzwa zamani katika madebe ya bati ya galani 4, na jinsi debe lililokwisha kazi lilivyogeuzwa kuwa kipimo cha mahindi au bati la kuezekea. Debe lilioza kwanza katika maungio yake. Tangi la chuma la motokaa lilikuwa na ugonjwa uo huo, na tangi la pikipiki bado linao.

Plastiki inayofanyiwa matangi ni jamaa ya ile ya jerikeni za manjano ambazo akina mama wa Kitengela na Isinya huchotea maji. Asili ya plastiki hiyo iligunduliwa Uingereza mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI. Aina yake iliyo ngumu zaidi, ambayo ndiyo ya matangi na jerikeni, ilipatikana Ujerumani mwaka 1953 kwa kazi ya mtaalamu Karl Ziegler, ambaye mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Giulio Natta wa Italia. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Volkswagen ilianza kutia matangi ya namna hiyo katika motokaa zake za Passat, na makampuni mengine yakafuata. Land Rover za aina ya Discovery zilizotengenezwa tangu 1998 hata 2004, ambazo bado zaonekana zikibeba maji na majani ya ng'ombe katika nyanda za Kajiado, zina tangi la plastiki lililokalia kitanda cha chuma.

Plastiki hii ni nyepesi, haiozi, wala haipasuki upesi gari linapogongwa. Lakini kutoshika kutu si kuwa safi. Kwa kuwa tangi ni jeusi na halionyeshi kitu nje, mtu aweza kuendesha gari miaka 20 bila kulikumbuka hata siku moja. Kwa amri ya Serikali ya Kenya, gari lililotumika ng'ambo haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka 8. Basi gari laweza kushuka bandarini Mombasa likiwa na miaka 7, likafanya kazi hapa miaka mingine 15, na uchafu wa miaka hiyo yote umekusanyika mahali pamoja.

UCHAFU WATOKA WAPI?

Kwanza kuna vumbi. Kifuniko cha tangi kikipotea, wengine huziba kwa kitambaa au kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Katika njia za vumbi za Kajiado wakati wa kiangazi kizibo cha namna hiyo hakizuii kitu. Tena tangi hupumua. Mafuta yakipungua, hewa huingia kujaza nafasi yake. Gari likishuka kutoka Ngong, palipo juu na penye baridi, kwenda Magadi, palipo chini na penye joto, uzito wa hewa hubadilika, na tangi huvuta hewa ya nje kupitia katika tundu lake la pumzi. Hewa hiyo ikiwa na vumbi, vumbi nalo huingia.

Pili ni maji. Mchana nyanda za Kajiado huwa na joto, na usiku wa mwezi wa Julai baridi yake huumiza. Hewa iliyomo ndani ya tangi lisilojaa hupoa usiku, na unyevu wake hugeuka matone juu ya kuta za tangi, kama umande juu ya majani. Matone hayo hushuka. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, kwa hivyo hukaa chini kabisa, mahali ambapo pampu hunywa. Hewa katika tangi lililojaa ni kidogo, na maji yatokayo humo ni kidogo vile vile. Lakini watu wengi hununua mafuta ya shilingi 200 au 300 kwa siku, na tangi halijai mwaka mzima. Haifai kuwalaumu, maana kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, yaani mamlaka ya Serikali inayosimamia nishati na mafuta, hutangaza bei mpya, na bei hizo si nyepesi kwa mtu wa kawaida. Hata hivyo yafaa kujua kwamba tangi ambalo daima lina lita 3 au 4 tu huharibu pampu kwa njia mbili. Huinywesha masimbi, na tena huinyima ubaridi, kwa sababu pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe.

Tatu ni mafuta yenyewe. Wafanya biashara wasio waaminifu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Jambo hili lilienea hata Serikali ikatoza kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwezi wa Septemba 2018, makusudi kuwazuia wachanganyaji. Petroli inayouzwa kando ya njia katika chupa za soda ina hatari yake pia, maana hakuna ajuaye chupa ilikuwa na nini, wala mafuta yalipita katika chombo gani.

Petroli inayokaa muda mrefu huchacha. Sehemu yake nyepesi huruka, na ile inayobaki hugeuka utomvu wa rangi ya asali unaonata kama gundi. Gari lililosimama nyuma ya nyumba mwaka mmoja au miwili huwa na utomvu huo, na harufu yake ni kali kama ya rangi ya mbao iliyoharibika. Katika dizeli kuna jambo la ajabu zaidi. Pale maji na dizeli yanapokutana, koga huota, nayo huishi kwa kula mafuta na kunywa maji. Mtu akifungua tangi la namna hii huona ute mweusi unaoteleza kama kamasi. Ute huo si masimbi wala lami. Ni kitu chenye uhai, na maji yasipoondolewa utaota tena.

KWA NINI TANGI TUPU NI HATARI KULIKO TANGI LILILOJAA

Sasa hapa ndipo msomaji anapotakiwa kusoma polepole, maana jambo hili limeua mafundi wenye ujuzi.

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke ukiwa mchache mno hauwaki, na ukiwa mwingi mno hauwaki vile vile kwa kukosa hewa. Huwaka unapokuwa kiasi cha sehemu 1 na nusu hadi sehemu 7 na nusu hivi katika sehemu 100 za hewa. Ndani ya tangi lenye petroli mvuke huwa mwingi kupita kiasi hicho. Lakini petroli ikimwagwa na kifuniko kikaachwa wazi, hewa huingia, mvuke hupungua kidogo kidogo, na hufika mahali ambapo mchanganyiko ni kamili kwa kulipuka. Fundi hutazama ndani, haoni hata tone moja, akasema tangi ni tupu. Kumbe ni saa hiyo ambapo limejaa baruti. Katika tangi la lita 60, kijiko kimoja au viwili vya chai vya petroli vilivyogeuka mvuke vyatosha kulilipua.

Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, upata mara 3 au 4. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini, hufuata mitaro, na hujaa katika mashimo. Waweza kutambaa mbali, ukakuta moto, na moto ukarudi nao mpaka ulikotoka. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaani Sinai katika Nairobi, petroli ilivuja kutoka bomba kubwa ikaingia mtaroni. Moto ulipoifikia, watu wapatao 100 walikufa. Gereji haina petroli nyingi kiasi hicho, lakini mwendo wa mvuke ni ule ule.

Dizeli ni pole zaidi, kwa kuwa haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la digrii zaidi ya 50 hivi. Lakini tangi la dizeli ambalo liliwahi kutiwa petroli kwa makosa lifikiriwe kuwa tangi la petroli.

Plastiki nayo inaongeza jambo lake. Chuma kikioshwa vizuri huacha petroli yote. Plastiki hainywi maji, lakini petroli kidogo hupenya katika kuta zake, na baada ya kuoshwa kuta hizo huendelea kuitoa polepole siku nyingi. Kwa hivyo tangi la plastiki lililooshwa asubuhi laweza kuwa na mvuke tena jioni. Wale wanaoziba nyufa za tangi kwa pasi ya moto, au kwa chuma kilichotiwa katika jiko la makaa, wanachezea kifo. Tangi la plastiki lililopasuka halizibwi, hutafutwa jingine.

MAHALI PA KUFANYIA KAZI

Kazi hii hufanywa nje, mahali peupe penye upepo, wala si ndani ya gereji. Shimo la kuingia chini ya gari ndilo mahali pabaya kuliko pote, maana mvuke hushuka na kulijaza kama maji yajazavyo kisima, na fundi aliye ndani yake hana pa kukimbilia. Atazame upepo unakokwenda. Katika Kitengela gereji nyingi zimepakana na wachomeaji vyuma, wachoma nyama na wauza chai. Jiko la makaa lililo mita 10 upande unakoelekea upepo li karibu mno. Pawe na nafasi ya mita 15 au zaidi pande zote isiyo na moto, sigara, wala mashine ya kuchomea, na watoto wafukuzwe.

Waya wa betri ufunguliwe kabla ya tangi kuguswa, si baadaye, kwa sababu waya hutoa cheche unapoondolewa. Taa ya waya yenye balbu isitumiwe chini ya gari. Balbu ikianguka na kuvunjika yaweza kuwasha mvuke. Nguo za pamba ni bora kuliko za nailoni. Katika miezi ya ukame, mtu akivua fulana ya nailoni usiku husikia mlio mdogo na kuona vimulimuli. Hizo ni cheche za umeme wa msuguano, na cheche ndogo namna hiyo yatosha kuwasha mvuke. Plastiki hukusanya umeme huo upesi, kwani haiupitishi kwenda ardhini. Kwa sababu hii petroli ipokewe katika chombo cha chuma kilichokaa chini ardhini, si juu ya gari, na chombo kifungwe kwa waya pamoja na mwili wa gari. Ardhi imwagiwe maji kidogo. Mchanga mkavu wa ndoo mbili uwe karibu, na mtungi wa kuzimia moto wa aina ya unga ukipatikana. Maji hayazimi petroli, bali petroli huelea juu yake na kusambaa ikiwaka.

KUTOA PETROLI

Desturi ya kuingiza mpira na kuvuta kwa mdomo ikomeshwe. Mtu aliyemeza petroli huenda asidhurike sana tumboni, lakini tone likiingia mapafuni huwasha mapafu na kuleta ugonjwa wa kifua ambao waweza kuua. Kwa sababu iyo hiyo aliyemeza asitapishwe, maana katika kutapika petroli hupita tena karibu na njia ya pumzi. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama asema hajambo. Pampu ya mkono ya mpira huuzwa katika maduka ya vipuli kwa bei ndogo.

Gari lenye pampu ya umeme huweka mafuta katika mabomba kwa nguvu. Kabla ya kufungua waya wa betri, fyuzi ya pampu iondolewe na injini iachwe iendelee mpaka izimike yenyewe. Ndipo nguvu hiyo huisha. Bila ya hivyo petroli itamrukia fundi machoni.

Magari mengi yana kifuniko cha mviringo chini ya kiti cha nyuma au katika sakafu ya nyuma, na chini yake pampu imeshikwa kwa pete kubwa ya plastiki. Vumbi lililo juu ya pete hiyo lipulizwe na kufutwa kwanza, au lote litaanguka ndani. Alama itiwe kuonyesha pete ilivyokaa. Pete isigongwe kwa bisibisi ya chuma na nyundo, bali kwa kipande cha mti mgumu, kwa sababu ya cheche na kwa sababu plastiki ya zamani huvunjika kama chungu. Pampu itolewe taratibu, ikizungushwa, ili mkono wa boya linalopima mafuta usipinde.

Ikiwa uchafu ni kidogo, tangi laweza kuoshwa likiwa mahali pake. Ikiwa kuna utomvu au ute, hakuna njia ila kulishusha. Lishushwe likiwa tupu, juu ya jeki yenye ubao mpana. Mipira yote iwekewe alama. Tangi likishashuka, kitanda chake kitazamwe vizuri. Katika njia za mawe, kokoto na matope hukwama kati ya chuma na plastiki, na kila gari linapotikisika huisaga plastiki kama msasa. Matangi mengi ya Kajiado hutobolewa hivi, si kwa kugongwa.

KUOSHA

Kwa tangi la chuma mafundi wa jua kali wana njia yao ya kale, yaani hutia kokoto au mnyororo ndani na kulitikisa mpaka kutu itoke. Njia hiyo si mbaya kwa chuma, lakini kwa plastiki ni uharibifu mtupu. Matangi mengine yametiwa dawa katika uso wa ndani ili petroli isipenye, na ngozi hiyo ni nyembamba sana. Kokoto, brashi ya waya na msasa huiondoa, na chembe za plastiki zilizokwanguliwa hubaki ndani kuwa takataka mpya. Thina ya rangi nayo haifai. Plastiki yaweza kuistahimili, lakini mipira na boya haviwezi.

Sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu yatosha. Maji yasichemke, maana plastiki hulainika na kupinda. Masimbi ya kwanza humwagwa pamoja na mafuta yaliyobaki. Kisha tangi hujazwa maji ya sabuni mpaka yafurike. Kujaza kabisa kuna faida mbili: sabuni hufika katika kila pembe, na maji husukuma mvuke wote nje. Liachwe usiku kucha. Asubuhi maji yatikiswe na kumwagwa, na kazi irudiwe mara tatu au nne, mpaka maji yanayotoka yakitiwa katika gilasi yawe meupe. Utomvu mgumu huachia polepole. Fundi mwenye haraka atauacha nusu, nao utaziba pampu mpya katika juma la kwanza. Ute wa koga usuguliwe kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa katika fimbo laini, si kwa sufi inayoacha nyuzi.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Ndani ya tangi kuna kuta ndogo zinazozuia mafuta yasitikisike, na maji hujificha nyuma yake. Tangi ligeuzwe kila upande, liachwe kivulini penye upepo siku mbili, matundu yake yakiwa wazi lakini yamefunikwa kwa kitambaa chepesi ili vumbi na nyuki wasiingie. Mashine ya kukaushia nywele isitumiwe, kwa kuwa ina waya mwekundu wa moto ndani yake. Mwisho, tangi lisuuzwe kwa lita moja au mbili za mafuta safi ya aina yake yenyewe ili kuyachukua matone yaliyobaki, na mafuta hayo yachujwe kwa kitambaa cheupe katika chombo cha kioo na kuachwa yatulie. Yakionyesha mstari wa maji chini, kukausha hakujaisha.

PETROLI CHAFU ISIENDE JIKONI

Mafuta yaliyotolewa huwa ni matata nyumbani. Ni shida kumwambia mtu atupe lita 10 alizozilipia. Jambo lisilofaa kabisa ni kuyatia katika taa au jiko la mafuta ya taa, au kumpa jirani asiyejua asili yake. Taa ya utambi imefanywa kwa mafuta ya taa, ambayo hayatoi mvuke mwingi. Petroli kidogo tu ikichanganyika nayo, taa hugeuka bomu mezani, mbele ya watoto wanaosoma. Mafuta hayo yawekwe katika chombo cha chuma chenye kifuniko na maandishi, mbali na nyumba, mpaka yachukuliwe na wanaokusanya mafuta machafu ya magereji.

Maji ya kwanza ya kuoshea nayo yana mafuta, kwa hivyo hayatupwi mtaroni wala katika mto. Yakiachwa katika pipa mafuta huelea juu, na yaweza kuenguliwa na kutiwa pamoja na yale mengine. Maji yenye sabuni yanayobaki chini yakabidhiwe kwa wakusanyaji hao hao. Maji ya mto Kitengela hunywewa na ng'ombe, na watu wengi wa nyanda hizo hutegemea visima vilivyochimbwa chini sana. Mafuta yakifika huko, hakuna sabuni itakayovisafisha.

KURUDISHA TANGI

Mpira wa pete ya pampu hufura kwa petroli na huenda usiingie tena mahali pake. Afadhali ununuliwe mpya. Chujio la mafuta libadilishwe, maana kulisafisha tangi na kuliacha chujio la zamani ni kama kuoga na kuvaa nguo chafu. Kabla ya kurudisha gurudumu na viti, zitiwe lita 20 au zaidi, ili pampu izame, na tangi litazamwe chini na pande zote kama linavuja. Ndipo waya wa betri urudishwe. Ufunguo uzungushwe bila kuwasha injini, kwa sekunde chache, mara tatu, mabomba yajae. Gari la dizeli litolewe hewa katika chujio kwanza.

Injini ikiwaka, isafiri njia fupi, na si mlima wa Kiserian siku hiyo hiyo. Baada ya kilometa 100 chujio lifunguliwe na mafuta yake yamwagwe katika gilasi. Kwa kawaida kutakuwa na chembe chache zilizobaki pembeni na kuachia baadaye. Zikiwa chache, chujio lirudishwe. Zikiwa nyingi, au maji yakionekana, tangi lishushwe tena, na kifuniko chake kichunguzwe kama kinafunga.